Fundi Rajabu, hata kwa wema ulinizidi

Jamani, hainiingii akilini. Fundi Rajabu, mwenzangu wa karakana hapa Tarime tangu tukiwa vijana, tumemzika jana alasiri. Naandika haya naona kama atatokea anicheke ninavyobonyeza simu kwa kidole kimoja.

Wengi mtaandika kwamba alikuwa mtu wa watu. Ni kweli. Mimi naandika kwamba nilimwonea wivu maisha yangu yote, na mwenyewe alijua.

Alikuja kutoka Tanga miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na kofia yake, na mdomo usiofungwa. Mimi ni Mkurya wa hapa hapa. Lakini wazee walimwita yeye "Fundi", mimi nikawa "yule anayefanya kazi na Fundi". Nilitamani jina hilo niitwe mimi, hata kwa wiki moja tu!

Kikurya chake kilikuwa kibovu, akisalimia watu wanashika mbavu. Mimi niliyezaliwa nacho napewa maji, yeye anapewa maziwa ya kibuyu.

Spea hazikuwepo. Gasketi, zile karatasi za kuziba maungio ya injini, tulikata wenyewe kwa kadibodi, na hapo nilimzidi, naapa. Ila nani anatazama gasketi? Ukishafunga injini, haionekani.

Halafu ikaja ile pikipiki ya Bwana Mifugo. Ng'ombe wa Kenyamonta walikuwa wanakufa, yeye ndiye wa kwenda kuwachanja, na injini inavuja hadi buti zake zimelowa oili.

Nikasema leo ndiyo siku yangu. Nikafungua, nikakata gasketi mpya, nikafunga. Ikavuja. Nikarudia. Ikavuja zaidi!

Rajabu akaacha soga zake, akaja. Akaosha injini kwa mafuta ya taa, akaikausha, akainyunyizia unga wa muhogo mpaka ikawa nyeupe pee. Akaiwasha tuone unga utalowa wapi kwanza.

Ulilowa kwenye kila kiungo kwa pamoja.

"Mura," akaniita kijana kwa Kikurya chake kile, "gasketi zote hizi ziharibike siku moja? Zimekaa kikao?" Akafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiunguruma, upepo ukampiga usoni. "Hii imebanwa pumzi."

Akaufuata ule mpira mdogo ambao injini inapumulia. Mwishoni mwake kulikuwa na gunzi la mahindi, limeshindiliwa kwa nguvu.

Bwana Mifugo akashika kichwa. "Ni mwenyekiti wa kijiji kimoja kule nyuma ya Ringwani! Aliona matone yanatoka hapo, akasema oili ni mali ya umma, isipotee."

Basi injini ilikosa pa kupumulia, ikawa inasukuma oili nje kwa kila upenyo. Gunzi likachomolewa, kuvuja kukaisha, Bwana Mifugo akawahi Kenyamonta. Karakana nzima ikamshangilia Rajabu.

Yeye akapaza sauti: "Tazameni gasketi za huyu, zimeshika! Za kwangu zingepasuka zote." Kwa makelele yale hakuna aliyemsikia. Mimi nilimsikia, na nikazidi kuumia. Mtu anakushinda kazi, halafu anakushinda na roho nzuri!

Jana pia umenishinda, Rajabu. Pikipiki za bodaboda zilijipanga kutoka mlangoni kwako hadi barabara kubwa. Nilikuwa nalia huku najiuliza, mimi watanijia wangapi?

Leo asubuhi nimefungua karakana peke yangu. Akaja mama mmoja wa Turwa anasukuma pikipiki inayovuja, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Fundi."

Nikageuka kukutafuta uitikie.

Nenda salama, ndugu yangu. Jina umeniachia, na leo silitaki. Ulale pema.