Jumamosi za Fundi Vichwa

Dada yangu anapima ubongo wa watoto kwa vipande vya mbao vyenye rangi. Amesomea kazi hiyo muda mrefu kiasi kwamba marehemu baba, akiulizwa binti yake anafanya nini siku hizi, alijibu "Anasoma" mpaka akafa. Wanaletwa watoto walioanguka, wenye kifafa, waliougua homa ya uti wa mgongo. Anawakalisha mezani, yeye na saa yake ya kuhesabia sekunde, wapange vipande, wataje tarakimu kinyumenyume. Mwishowe anawaeleza wazazi sehemu gani ya kichwa inachechemea. Nyumbani tunamwita Fundi Vichwa. Hapendi, lakini anaitika.

Kuishi naye ni kazi. Ukiangusha kijiko, anatazama umekiokota kwa mkono gani. Mumewe alihama, akasema hawezi kugombana na mtu anayemwangalia kama mgonjwa. Nikahamia mimi, mdogo wake, fundi wa masofa, kwa muda mfupi tu. Bado nipo.

Sasa kosa lenyewe. Alipokuwa anajifunza, alitakiwa kufanyia mazoezi kila kipimo mpaka mikono izoee. Akahitaji mtoto. Akaangaza macho, akamwona binti yake, tunayemwita Bibi Mdogo kwa sababu alizaliwa na uso wa mtu aliyeichoka dunia. Basi kila Jumamosi asubuhi, hata alipohitimu, vipande vinamwagwa mezani, mama na mwana wanapimana. Walimu wake wa chuo walimwonya: mtoto akishazoea majibu, siku ya kupimwa kweli utajuta.

"Wangu ana nini cha kupimwa?" akasema.

Mdomo uliponza kichwa, na safari hii kichwa chenyewe kilikuwa cha mwanawe. Bibi Mdogo alipofika darasa la nne, mwalimu akamwita dada: mtoto hasomi, anakisia. Ama mtaalamu aeleze ana tatizo gani kabla muhula haujaisha, ama arudishwe darasa la pili na watoto wadogo. Bibi Mdogo alilia mpaka kwikwi ikamshika. Ana rafiki yake darasani, wako kama chanda na pete, na sasa watenganishwe.

Kinyozi hajinyoi. Kwenye kazi yao mtu hapimi mtoto wake, kwa hiyo dada alimeza kiburi akampeleka kwa Marashi, mtaalamu mwenzake ambaye wanashindana tangu chuoni, na ambaye harufu yake hufika kabla yake. Tukakaa kwenye benchi nje ya chumba. Mlango ulikuwa mwembamba, tukasikia kila neno.

"Sasa, mama, hivi ni vipande vya..." Marashi alianza kumweleza mtoto.

"Najua. Nivipange kama kwenye picha, haraka niwezavyo. Bonyeza saa yako basi."

Nilimwona dada akifumba macho.

Marashi alitoka meno yote nje. "Daktari mwenzangu, hongera! Huyu ana kipaji cha ajabu. Shida yake ni uvivu tu."

Dada angeweza kunyamaza. Kusifiwa mtoto na mshindani wako, nani hataki? Lakini alijua huo uvivu ungemrudisha mwanawe darasa la pili, basi akamweleza habari ya Jumamosi zote. Marashi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha.

"Vipimo vyangu vyote umeshamlisha. Nimpime kwa kipi?"

Tulipofika nyumbani dada akanigeukia. "Mdogo wangu, niandikie hadithi fupi. Maneno mepesi, lakini iwe haijawahi kusikiwa na mtu yeyote. Ya kijinga."

"Ya kijinga? Hapo umefika penyewe."

Nikaandika habari za mjomba mnene aliyeoga na soksi mpaka soksi zikaomba likizo. Bibi Mdogo akashika karatasi. Neno la kwanza, "mjomba", alilipata. La pili alikisia, la tatu akakosa, la nne akasimamisha kidole.

"Hii sijaikariri," akanong'ona.

"Kwani darasani unakariri?" dada akauliza.

"Rafiki yangu ananisomea kwanza."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nikipata zote ndiyo unanipakata. Nikikosa utapima watoto wengine tu."

Dada, mwenye maneno kwa kila mzazi, alisukuma karatasi kando. Akamvuta kifuani, akalia. "Umekosea, mwanangu. Umekosea vizuri sana."

Marashi aliagiza hadithi nyingine za kijinga, nikampa, akampima Bibi Mdogo upya. Akaandika wazi kwamba akili anayo tele, ila ubongo wake unasuasua kuunganisha herufi na sauti, afundishwe kwa njia inayomfaa. Shule ikakubali. Mtoto akabaki na rafiki yake, na mimi nikarudi kwenye masofa.

Jumamosi iliyofuata vipande vilikuwa vimefungiwa kazini. Bibi Mdogo akaja mezani kama kawaida, akanyoosha mgongo, akasubiri.

"Leo tunapima nini, mama?"

"Hatupimi. Tunakaa tu."

Akafikiri kidogo. "Na nikikosea kukaa?"

Dada alimpakata. Mimi nikatoka nje kutafuta cha kufanya, maana macho yalikuwa yananiwasha.