Dawa ya Kurudisha Weusi

Watu wa Masaka, ile ya Rwanda, walipomuona Mukandekezi amekaa kwenye cherehani na uso umepakwa parachichi, walisema anatafuta mume. Waache waseme. Mwanamke wa miaka hamsini na tatu mwenye akili hatafuti mume, na yule aliyekuwa naye alimtosha. Yeye alikuwa anatafuta weusi wake.

Alizaliwa mweusi. Mweusi kweli, wa sufuria ya maharage, kule Karagwe, Tanzania, wazazi wake walikokimbilia na ng'ombe wanne. Asubuhi mama yake alikuwa anamkalisha juani, anampaka samli kuanzia utosi mpaka kisigino, mtoto anang'aa mpaka nzi anateleza. Waliporudi Rwanda akawa fundi wa mishanana, zile nguo za sherehe zinazofungwa begani, akaolewa na Mutabazi. Macho ya Mutabazi yalikuwa kwa inzobe tu, wanawake wa maji ya kunde. Hakumwambia mke wake ajichubue, alikuwa mjanja kuliko hapo. Alimletea kopo la kwanza la mkorogo kama zawadi. Miaka kumi na tisa mwanamke akapaka, halafu mwanaume akaenda kuoa inzobe wa kuzaliwa. Lakini tusimbebeshe Mutabazi mzigo wote. Kopo lilikuwa lake, mkono uliokuwa unapaka ulikuwa wa nani?

Uso ukawa mwekundu wa nyanya, mabaka mashavuni, vifundo vya vidole vikabaki vyeusi kama vya mtu mwingine. Hayo yote angeyabeba. Shida ilikuwa mama yake, anayetunzwa kijiji cha Gahanga na Kaliza, mke wa kaka yake Mukandekezi. Bibi huyo alianza kupoteza watu kichwani. Kwanza majirani, halafu wajukuu, na mwaka jana akampoteza binti yake. Jumapili moja Mukandekezi aliingia, akapiga magoti, akamwambia ni mimi, mama. Bibi akamtazama usoni, akavuta mkono wake.

"Binti yangu ni mweusi," akasema. "Unanidanganya kwa nini, na mimi sina kitu cha kuibiwa?"

Bibi akalia kama mtoto. Kaliza ikabidi amwombe Mukandekezi atoke nje, mama mkwe atulie.

Siku hiyohiyo kopo liliingia chooni. Kesho yake akaenda kwa Ingabire, binti wa saluni, anayejua dawa zote za jikoni kwa sababu simu haimtoki mkononi. Ingabire akamhesabia: papai lililoiva, asali na limau, manjano na mtindi, maji ya mchele. Mukandekezi akasikiliza mpaka mwisho, akauliza ipi inarudisha weusi.

"Mama Shimwa," Ingabire akamwita kwa jina la mtoto wake, "hizi zote ni za kung'arisha."

"Za kurudisha?"

"Hakuna mtu amewahi kuuliza."

Basi akajitungia yake. Kahawa ni nyeusi, akasema moyoni, na samli ndiyo ilinilea. Akachanganya unga wa kahawa na samli, akapaka wiki tatu. Mto wa kulalia ukawa mweusi vizuri sana. Uso ulibaki palepale, tena umekwaruzika, na wateja wakaanza kukaa mbali naye wakipimwa, maana samli ikishinda na joto inatoa harufu ya zizi.

Halafu Ingabire, mdomo wake haujui kulala, akamwambia limau linakamua sumu ya mkorogo. Mukandekezi akapaka limau Jumapili asubuhi, akapanda moto, ile pikipiki ya abiria, mpaka Gahanga, jua limesimama utosini. Kufika jioni ngozi inawaka. Siku ya tatu ikatoa michirizi myeusi kuanzia paji mpaka shingoni, na yeye, mtu mzima aliyelea watoto, akafurahi. Akasimama mbele ya kioo akiigusa, akasema unarudi, unarudi. Alikwenda kituo cha afya kwa sababu ya maumivu tu. Muuguzi akamwambia huo si weusi, umeungua. Limau na jua havikai uso mmoja. Akamwambia aache kila kitu, ajikinge na jua, rangi itarudi yenyewe polepole, mwaka, labda miwili, na pengine hairudi. Parachichi akitaka apake, litalainisha pale palipokauka. Zaidi ya hapo ni chakula, ale.

Mwaka, labda miwili. Bibi ana themanini na sita.

Jumapili iliyofuata uso ulikuwa bado unachoma, akaupaka mtindi kupooza, akaenda hivyohivyo. Bibi akanusa. Huyu ni mtu aliyekulia nyuma ya ng'ombe, maziwa kwake hayachezewi.

"Kwetu maziwa yananywewa," akasema. "Ukiwa na kiu, sema."

Akamtuma Kaliza alete kikombe, kama anavyoletewa mgeni wa heshima. Mukandekezi akakipokea kwa mikono miwili, akanywa, machozi yakiingia humo. Kwa mama yake mwenyewe, mgeni wa heshima. Safari hii hakusema ni mimi.

Bibi akamwangalia anavyokunywa, akalainika. Akamuuliza kama anapajua Masaka. Kuna binti yake huko, fundi wa nguo, hajaja siku nyingi. Akasema anaitwa Mukandekezi, akalitaja jina taratibu, lote, kama mtu anayefungua kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Mukandekezi alikuwa amelisubiri jina hilo mwaka mzima, na sasa linampita kando.

"Amenikasirikia?" bibi akauliza.

"Hapana, mama."

"Nilimkosea nini?"

"Hukumkosea. Ni yeye alijipoteza."

Bibi akasema basi amwambie aje, hata bila zawadi. Akaanza kumsimulia mtoto yule wa Karagwe, alivyokuwa mbishi, alivyolamba samli mkononi, na Mukandekezi akauliza maswali kama mtu asiyejua, ili asikie zaidi. Kiza kilikaribia kuwakuta hapo.

Tangu siku hiyo kila Jumapili anafika Gahanga, kofia kubwa kichwani, uso mtupu. Nyuma ya masikio weusi umeanza kutoka kidogo, mahali ambapo hakuna mtu anaangalia. Anakaa kwenye kiti cha wageni, anapewa maziwa, anafikisha salamu.

"Mukandekezi anakusalimu sana."

"Mbona haji mwenyewe?" bibi anauliza, kila mara.

"Yuko njiani, mama. Anatembea polepole."