Kisichotafunwa si Chakula

Khavere alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao haukuwa na dawa: hakuweza kupita sufuria iliyofunikwa bila kuifunua. Nenda arusi, nenda matanga, nenda kanisani siku ya wageni, utamkuta jikoni, kifuniko kiko mkononi. Wenye midomo pale mtaani Shauri Moyo, Nairobi, walimwita Mkaguzi. Yeye hata hakujali.

"Anayeficha alichopika," alisema, "hajapika kitu."

Asubuhi aliuza njugu za kukaanga kando ya njia ya soko la Gikomba, na jua likipanda alirudi nyumbani akijua nani kanunua kuku na nani kanunua shingo ya kuku akajidai ni kuku mzima. Watu waliona huo ni umbeya wa kawaida, mpaka mwaka ule mama yake, Jerida, alipokuja kutoka Vihiga kutibiwa.

Jerida alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari alikubali kumpasua, lakini alipomfunua kope na kumpandisha kwenye mizani akatikisa kichwa. Damu ni kidogo, akasema, na mwili umekwisha.

"Ale," alimwambia Khavere. "Ale vizuri kila siku, kisha mrudi baada ya sikukuu ya Idi. Akibaki hivi, simpasui. Hataamka."

Ale! Daktari wa watu hakujua ameagiza nini. Phares, mume wa Khavere, alifanya zamu ya usiku katika kiwanda cha sabuni. Mchana kutwa alilala nyuma ya pazia, katika chumba chao kimoja, akikoroma kama posho mill inayosaga mahindi. Na kwao Khavere, mama hali chakula mbele ya mkwe wake. Hali, halali chini ya paa lake, wala hamwangalii usoni. Kulala kulipata njia yake: Muhiba, jirani wa ukuta mmoja, alimpa mzee kitanda, na asante hakutaka. Lakini kula? Ilikuwa Ramadhani, na Jerida alikataa katakata kutafuna ndani ya nyumba ya watu waliofunga.

"Wamenipa kitanda, halafu niwatafunie usoni? Mimi nililelewa na watu."

"Basi kula hapa kwetu, mama. Phares amelala fofofo."

"Nasikia pumzi zake. Mimi nikisikia pumzi zake, yeye anasikia meno yangu."

"Si ule hapo nje basi."

"Hapo watu wanapopita? Kama mbuzi?"

Ikawa ni kungoja jioni, Phares avae koti aende zake. Na jioni ikifika njaa ya Jerida imeshachoka kungoja, imelala. Anamega ugali mara mbili, anasema ameshiba. Mashavu yakazidi kuingia ndani, na leso aliyojifunga kiunoni ikawa inamzunguka mara mbili.

Hapo ndipo ule ugonjwa wa kufunua sufuria ulipopata kazi. Khavere alianza kumchunguza mama yake jinsi alivyozoea kuchunguza vyungu vya watu. Akaona jambo. Chai, Jerida alikunywa. Alikunywa pale pale mlangoni, pazia likitikisika kwa mkoromo wa Phares, wala hakuona haya. Ila kipande cha mkate kilichokuja na chai alikisukuma pembeni kwa kidole, kama mtu anayeondoa mdudu.

Akaona na la pili. Jioni moja alipeleka leso kwa Muhiba, akakuta watu wanafuturu, na mama yake ameketi kwenye mkeka na glasi ya kitu cha kijani, kizito. Anakunywa, na macho ameyafumba.

"Mama Saif," Khavere akauliza hata kabla ya salamu, "mama yangu anakunywa nini?"

"Mkaguzi amefika!" Muhiba akacheka. "Leo hata futari unanikagua, shoga?"

"Nimeuliza tu. Juisi gani hii inasimama wima kwenye glasi?"

"Ya parachichi. Parachichi, maziwa, sukari, na iliki kidogo ya kunukisha. Naisaga kwa blenda. Tumbo lililofunga kutwa halitaki kurukiwa na pilau, linataka kubembelezwa kwanza. Na mama yako ndiye ameipenda, glasi ya kwanza aliilamba."

"Sikuilamba," Jerida akasema bila kufumbua macho. "Niliifuta."

Khavere akachuchumaa mbele yake. Swali alilotaka kuuliza lingeweza kuharibu kila kitu.

"Mama, hicho si chakula?"

Jerida akameza, akafikiri, akapitisha ulimi kwenye meno machache aliyobaki nayo.

"Kimepita meno yasijue," akatoa hukumu. "Kisichotafunwa si chakula."

Usiku ule Khavere hakulala vizuri. Kama chai haina mwiko, na parachichi likishalainishwa halina mwiko, je, njugu? Njugu ndizo zilizomlea yeye na ndugu zake, zimepondwa zikatiwa kwenye mboga za majani wakati nyama ilikuwa hadithi. Kungekuwa na njia ya kuzipitisha mbele ya yale meno zisijulikane?

Asubuhi alimwomba Muhiba blenda. Muhiba akashika kiuno.

"Njugu kwenye juisi? Nyinyi watu wa bara mna mambo! Utaniunguzia mota. Na kelele yake hiyo, mumeo ataruka kitandani adhani kiwanda kimemfuata."

Kweli kabisa. Basi Khavere akarudi kwenye mikono yake. Alikaanga njugu kidogo tu zisiungue, akazisugua maganda, akazipepeta kwa ungo, akazitwanga kwenye kinu kidogo huko nje mpaka zikatoa mafuta na kuwa siagi. Akaponda ndizi mbivu za madoadoa na kipande cha papai. Akavitia vyote na maziwa kwenye chupa ya jemu, akafunga kifuniko, akatikisa mpaka bega likauma.

Jerida alikunywa mafunda mawili. Kisha taya likasimama.

"Nimetafuna," akasema, akaweka glasi chini, akaifunika kwa sahani. Punje moja ya njugu! Punje moja ikamnyima mzee mlo wa mchana.

Kesho yake Khavere alisaga zaidi, lakini siagi ikagoma kuchanganyika na maziwa. Ikakaa chini ya chupa kama udongo, ikabidi ichotwe kwa kijiko. "Kijiko ni cha chakula," Jerida akasema, na habari ikaishia hapo. Siku iliyofuata Khavere alianza na siagi peke yake, akailegeza kwa maji ya moto kidogo kidogo huku akiisugua na mgongo wa kijiko, mpaka ikawa nyororo kama uji wa mtoto. Ndipo akaongeza ndizi na papai, ndipo maziwa. Akatikisa. Akachuja kwa chujio la chai. Akainamisha chupa: kitu kikamiminika polepole, kizito, bila kukatika.

Jerida akanywa. Akanywa tena. Pazia lilikoroma. Glasi ikabaki tupu.

"Hiki kinywaji," akasema, "kiko na nguvu."

Tangu hapo, kila mchana Khavere alirudi mbio kutoka Gikomba, na kabla maji ya chai hayajachemka chupa ilikuwa tayari. Hofu yake ilibaki moja: Phares. Phares alikuwa mwema, lakini mdomo wake haukuwa na mlango. Akiona chakula atasema chakula. Na neno hilo likishatoka kinywani mwa mkwe, Jerida hataonja tena kitu mpaka arudi Vihiga, na huko ni kurudi kuzikwa.

Siku yenyewe ikaja. Mkoromo ulikatika. Nyuma ya pazia mtu akakohoa, kikohozi kile cha mkwe mwenye adabu anayetangaza kwamba anakuja. Jerida akajifunika leso usoni, glasi ikiwa mkononi, nusu imejaa. Phares akatoka, akaangalia ukutani jinsi inavyotakiwa, lakini pua yake ikageuka kwenye chupa.

"Mama Everline, hii unayotikisa kila siku ni nini? Nasikia tu tiki-tiki-tiki ndotoni."

Khavere akammiminia kidogo, maana kumnyima kungezua maswali zaidi. Phares akanywa. Akakunja uso, akafikiri, akanyonya ulimi.

"Ai! Kumbe ndani kuna nj—"

Khavere akamkanyaga dole gumba kwa kisigino. Phares akamtazama mkewe. Akatazama leso, na ule mkono mkavu uliotoka chini yake umeshika glasi, unangoja. Alikuwa mzito wa kuelewa, Phares, lakini siku hiyo akaelewa.

"Mwambie mama," akasema, akiuangalia ukuta, "kinywaji ni kizuri. Hata mimi nimekunywa."

"Mwambie mwanangu," leso ikajibu, "akilala na kiu si vizuri. Amiminiwe tena."

Wakanywa, mmoja ameangalia ukuta, mwingine amefunikwa, na Khavere katikati yao akiwa ameshikilia chupa kwa mikono miwili.

Baada ya Idi walirudi hospitali. Daktari alimfunua Jerida kope, akamfunua ya pili, akampandisha kwenye mizani, akamshusha, akampandisha tena.

"Huyu tunampasua wiki ijayo," akasema. "Lakini niambie, mama, mchana ulikuwa unakula nini?"

Jerida akajikunjia leso vizuri. Ilikuwa inamzunguka mara moja na nusu.

"Mchana?" akasema, amekasirika kabisa. "Mchana nile vipi, daktari? Si nilikuwa kwa mkwe wangu!"