Aproni ya Mjomba

Katika chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Mama Pasi, na jina likamkaa. Mashuka, makoti ya madaktari, mapazia ya wodini, yote yalipita mikononi mwake yakatoka yamenyooka. Nyumbani aliishi na mwanawe na mke wa mwanawe, mwalimu wa chekechea. Kila Krismasi yeye ndiye aliyenunulia ukoo mzima zawadi, na zawadi yenyewe ilikuwa soksi.

Mwaka huo mkwewe alimjia na simu mkononi.

"Mama, tazama. Mtandaoni kuna michoro ya bure. Unachagua, unaandika maneno yako, unachapisha kwenye karatasi maalumu, halafu unaipigia pasi juu ya kitambaa. Kila mtu anapata aproni yenye maneno yake mwenyewe."

"Zawadi ya kuchapisha? Watasema tumefilisika."

"Na soksi je, hawasemi?"

Mama Pasi akacheka, akawa ameshindwa kesi.

Walishona aproni za kitambaa kizito cheupe, na mwalimu akaenda duka la kutoa kopi kuchapisha. Ya kwanza ilikuwa ya mama yake mzazi, imeandikwa MAMA. Walipobandua karatasi, kitambaa kilisomeka AMAM. Mwalimu alikuwa amesahau kuyachapisha maneno kinyumenyume, kama yanavyoonekana kwenye kioo.

"Amam ndiye nani?" mumewe aliuliza akipita.

"Ni mkweo. Nenda zako."

Ya pili aliiharibu Mama Pasi. Aliwasha mvuke kama alivyozoea kazini, karatasi ikatoa malengelenge, na nusu ya ua lililochorwa ikagoma kushuka kwenye kitambaa.

"Haitaki mvuke, Mama. Pasi kavu tu."

"Miaka yote hii pasi ni rafiki yangu, leo imenigeuka. Basi tuko sare, mwanangu."

Baada ya hapo kazi ilikwenda vizuri, mpaka ikafika zamu ya Mjomba. Huyo alikuwa kaka mkubwa wa Mama Pasi, fundi baiskeli, mgane asiye na mtoto. Kila Jumapili alifika chakula kikiwa mezani, akatangaza kabla hajaulizwa, "Mimi nimeshakula." Kisha aliketi, akamaliza sahani mbili. Akishaondoka, nyumba nzima ilimwigiza.

"Andika hivi," Mama Pasi akasema. "NIMESHAKULA, LAKINI... Halafu weka picha ya sahani."

Mwalimu alicheka, kisha akasita. "Hatakasirika?"

"Kaka yangu? Namjua tangu tukilala kitanda kimoja."

Siku ya Krismasi Mjomba aliifungua zawadi yake mbele ya wote. Watu waliangua kicheko. Yeye alisoma mara moja, akaikunja aproni taratibu, akaiweka kitini.

"Kumbe mnanihesabia," akasema. Akaaga, akisema kuna mteja anamsubiri. Hakuna fundi baiskeli anayesubiriwa na mteja siku ya Krismasi.

Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ile ya pili. Mama Pasi alipotoka kazini akapitia kwenye karakana yake, akamkuta anazungusha gurudumu lililopinda.

"Kaka, utani wangu umekuumiza. Nisamehe."

Mjomba hakuinua kichwa. "Maneno ni ya kweli, mdogo wangu. Ila umeyaandika makubwa mno."

Akamsogezea kiti. Gurudumu likazunguka mpaka likasimama lenyewe.

"Nikija kwenu nikasema sijala, mimi ni ombaomba," akasema. "Nikisema nimekula, ni mgeni. Tofauti yake ndogo, lakini nilikuwa nimeishikilia. Tangu wifi yako afariki, jiko limenishinda."

Mama Pasi alikuwa akidhani ni ulafi. Hakuwahi kufikiria njaa.

"Njoo Jumapili. Sema umekula, nami nitakupakulia."

"Na wale watacheka."

"Atakayecheka ataosha vyombo."

Hapo Mjomba akatabasamu kidogo. Mama Pasi akapata nguvu ya kuuliza kama amtengenezee aproni nyingine.

"Niandikie jina langu."

"Jina tu? Bila picha?"

"Hapa mtaani mimi Fundi. Kwenu Mjomba. Wewe waniita Kaka. Aliyeniita kwa jina langu alikuwa wifi yako peke yake."

Mama Pasi toka utotoni alifundishwa kusema Kaka, na jina lenyewe hakukumbuka kama liliwahi kupita mdomoni mwake. Jioni ile alimtajia mkwewe, herufi baada ya herufi.

"Ndilo jina lake?" mwalimu akashangaa. "Miaka yote niliyoolewa hapa, sijalisikia."

Walilichapisha kubwa, rangi ya buluu iliyokoza. Mama Pasi aliipiga pasi mwenyewe, taratibu, mwalimu akishika pembe za kitambaa.

Mjomba hakuipeleka jikoni. Aliivaa karakanani, na kabla wiki haijaisha ilikuwa nyeusi kwa grisi, maandishi tu ndiyo yaliyosomeka. Wateja wakaanza kumwita kwa jina. Watoto waliokuja kujaza upepo nao wakamwita vivyo hivyo, bila adabu yoyote, naye akaitika.

Mama Pasi akipita hapo kutoka kazini, ule weusi ulikuwa ukimwasha mikono.

"Kaka, hebu nipe hiyo nikaifue!"

"Uifue herufi zibanduke?" Mjomba alimjibu, akainamia tena mnyororo wa baiskeli. "Pita zako, Mama Pasi."