Mfu wa Kitabuni Mezani kwa Akina Pyo

Shemeji yangu Pyo Sang-gyu, ambaye vitabu vyake vimejaa bahari kutoka jalada hadi jalada, hawezi kukaa ndani ya mashua hata ikiwa imefungwa gatini. Hutapika. Marehemu mume wangu, kaka yake, alizoea kusema kwamba Mbingu zilimnyima mdogo wake tumbo la baharini zikampa masikio badala yake.

Na masikio anayo. Tangu utoto wake alikuwa akienda kukaa na wanawake wanaochambua dagaa hapa bandarini Gamapo, akijifanya anasaidia, kumbe anavuna maneno. Mikono yake ilikuwa mizito. Aling'oa vichwa vya dagaa pamoja na nusu ya nyama. Lakini hawakumfukuza, maana hapakuwa na mtu aliyejua kusikiliza kama yeye. Ukimweleza jinsi ulivyoteguka mguu, atakuuliza kama ulikuwa umevaa soksi.

Nilipoolewa katika nyumba hii yeye alikuwa bado mwanafunzi, nami nilikuwa mwalimu wa lugha katika shule ya wasichana. Insha zake za kwanza nilizisahihisha mimi, kwa wino mwekundu, na sijutii mstari hata mmoja niliofuta. Mama mkwe alipenda kusema kwamba mwanamke aliyesoma sana huunguza wali. Sikuwahi kuunguza wali.

Baadaye alikwenda Seoul, kama waendavyo wote wanaotaka kuandika. Alichukua mtungi wa dagaa waliovundikwa kwa chumvi, akauweka dirishani, akasema bila harufu ile haandiki. Majirani walivumilia majira ya baridi. Joto lilipoingia, mwenye nyumba akamwambia achague, mtungi au chumba. Shemeji alichagua mtungi, akarudi nao nyumbani kwa basi, ameupakata kama mtoto mchanga. Mtoto mwingine hakuwa naye. Hakuoa, na kila posa niliyomtafutia aliiandikia hadithi badala ya kuijibu.

Yote hayo ukoo wetu uliyabeba bila aibu. Kilichotutia majaribuni ni kitabu chake cha tatu.

Hapa Gamapo kuna nahodha wa mashua ya dagaa anayeitwa Ma Pil-do, rafiki wa shemeji tangu walipokuwa wakiiba matikiti pamoja. Sikio lake la kushoto liliungua utotoni likakunjamana kama uyoga mkavu. Nyavu zinapokung'utwa, yeye ndiye anayeanzisha wimbo wa kazi, na kila mara hukosea ubeti uleule. Sasa, katika kitabu hicho yumo nahodha mmoja, Cheon-su, mwenye sikio lililoungua, anayekosea ubeti wa wimbo. Ni mlevi. Siku moja ya vuli anakwenda baharini amelewa, mkewe amemkataza, na mashua inarudi bila yeye. Mwili hauonekani. Linarudi buti lake moja tu, limeletwa na mawimbi.

Mwanzoni ilikuwa kicheko. Pil-do alitembea na kitabu kifuani, akimfungulia kila mtu ukurasa wa kifo chake.

"Nimekufa vizuri, au sivyo?" aliuliza watu kwenye mnada wa samaki. "Sura nzima! Babu yako wewe alikufa kwa mstari mmoja gazetini, tena wamekosea umri."

Kisha akaja msichana mmoja kutoka Seoul, msomaji, amevaa koti refu. Alisimama ukingoni mwa gati na chupa ya soju, akaimwaga yote baharini huku akilia. Pil-do alikuwa karibu naye, anashona wavu.

"Binti," akamwambia, "pombe hiyo unaiharibu. Marehemu yuko hapa, na kiu anayo."

Msichana aligeuka, akaliona lile sikio, akapiga ukelele uliowatoa watu mnadani. Jioni ile tulisimuliana tukacheka mpaka soju ikatupalia.

Lakini baridi ilipoingia, kamba ya mashua ilikatika ikampiga Pil-do, naye akaanguka majini kati ya mashua na gati. Wakamtoa; hakupata zaidi ya mafua. Ila kuanzia siku ile mabaharia wake wakawa hawacheki tena. Aliyesema wazi ni Gap-seok, mkongwe wao.

"Nahodha, mimi nina watoto. Sipandi chombo na mtu aliyekwisha zama."

"Nimezama wapi, we mzee? Si niko hapa nakula kimchi mbele yako?"

"Umezama kitabuni. Hilo peke yake si kitu. Lakini umemwagiwa pombe, kwa machozi, na bahari imepokea. Sasa inadai mtu wake."

Mmoja baada ya mwingine wakahamia mashua nyingine. Na wavu wa dagaa haukung'utwi na mtu mmoja. Wanaume husimama safu moja, wakavuta na kuachia kwa pamoja kwa kufuata wimbo. Akikosekana mmoja, wavu unawashinda. Majira ya kuchipua yalikuwa yanakaribia na dagaa wangekuja nayo. Bila watu, mashua ya Pil-do ilikuwa kuni tu. Naye akaacha kutembea na kitabu.

Ndipo Mama Pil-do alipokuja kwangu, akakaa kwenye jiwe la mlangoni.

"Ingia, mama, nje baridi," nikamwambia.

"Nitaingia siku mwanangu atakapofufuliwa, Mwalimu. Mwite huyo mwuaji wako."

Shemeji alitoka na wino vidoleni. Alipomwona akapiga magoti palepale barazani.

"Mama, nitaandika gazetini. Nitaeleza kwamba ni hadithi ya kubuni."

"Nani hapa hajui kwamba ni ya kubuni? Unatuona mbuzi?" Akamnyoshea kidole. "Sang-gyu, mimi nimekufuta kamasi. Kifo kile ni cha mume wangu. Lile buti ni la mume wangu. Nilikusimulia mwenyewe huku tukichambua dagaa, nawe ukalia kuliko wanangu. Sikukukataza kukiandika. Lakini kwa nini umemvisha Pil-do?"

Shemeji alisugua wino vidoleni. "Kila nikimwona anaondoka na mashua, naogopa," alisema mwishowe. "Nilipoandika, uso uliokuja ni wake."

Mama Pil-do alivuta pumzi. Nadhani alikuwa amekuja na matusi mengine, akayameza.

"Haya. Huyo Cheon-su wako ni wa ukoo gani?"

"Hana ukoo, mama. Ni Cheon-su tu."

Kosa hilo mimi nililiona nilipokisoma kitabu mara ya kwanza. Kama angenionyesha mswada ningelizungushia wino mwekundu.

"Ndiyo maana," alisema Mama Pil-do. "Aliyezama bila ukoo hana pa kula sikukuu. Ana njaa, basi anamtafuta anayefanana naye amburute. Mume wangu hana kaburi, lakini anakula kwangu kila mwaka, na hajamsumbua mtu. Huyo wenu mpeni watu wake."

"Watu gani?" shemeji akauliza.

Mama Pil-do hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

Lazima ieleweke alichokuwa anakiomba. Meza ya mababu wa akina Pyo, ambapo wafu wa ukoo huandaliwa chakula kila sikukuu, iko chini ya ulinzi wangu tangu mume wangu afariki. Juu yake hula babu aliyefaulu mtihani wa mfalme, na bibi aliyelinda ujane wake kwa heshima mpaka wilaya ikamsimamishia jiwe. Katika kitabu cha nasaba yetu hakuna mlevi hata mmoja. Au kama walikuwepo, hawakuandikwa.

"Shemeji," nikasema, "mtu huyo alilala zizini mwa nguruwe."

"Sura ya pili. Ndiyo, shemeji."

"Na unataka akae pamoja na babu yako?"

"Mimi sijasema kitu. Nimenyamaza."

"Kunyamaza kwako nakufahamu. Ndiko kulikotuletea kitabu cha kwanza."

Mama Pil-do aliinuka, akakung'uta sketi yake, akaondoka bila kuaga.

Nilirudi kwenye kabichi nilizokuwa nikiosha. Niliwaza jinsi wasomaji nchi nzima watakavyosema kwamba akina Pyo wa Gamapo walikuwa na mlevi aliyejizamisha kwa ukaidi wake. Kisha nikaliwaza lile jiwe la mlangoni, na mwanamke mzee aliyekaa juu yake. Nyumba haichafuliwi jina na mlevi. Huchafuliwa na mtu anayeacha maiti yake mlangoni kwa jirani, akaenda kulala.

Nikamwita shemeji. "Toleo lijalo, mtu huyo aitwe Pyo Cheon-su. Kampigie simu mchapishaji. Usipige hapa nyumbani, kapige mnadani."

"Mnadani kuna kelele, shemeji. Itabidi nipige makelele."

"Ndiyo."

Akapiga makelele. Jina la ukoo wetu alilitamka mara tatu kwa sababu laini ilikuwa mbaya, na kufika jioni hapakuwa na mtu Gamapo ambaye hajui.

Asubuhi ya Mwaka Mpya niliandaa meza kama kawaida: supu ya vipande vya mchele uliopondwa, samaki mzima na kichwa chake, mapea, tofu ya kukaanga. Karatasi ya jina la marehemu, inayosimama mezani badala yake, kwa desturi huandikwa na mwanaume, lakini mwandiko wa shemeji ni kama kaa aliyekanyaga wino. Niliiandika mimi. Mfu wa kitabuni nilimpa nafasi mwishoni mwa meza, chini ya wakubwa zake, pamoja na bakuli, kijiko na kikombe.

Mama Pil-do alikuja, na safari hii akapita lile jiwe akaingia. Pil-do alimfuata akiwa amevaa koti la harusi. Gap-seok na wenzake walisimama uani, wakidai wamepita tu kutoa salamu za mwaka.

Shemeji aliwasujudia mababu, kisha akasujudu mbele ya karatasi ya mwisho, na hapo alikawia kuinuka. Pil-do akakohoa.

"Na mimi nisujudu?"

"Wewe una nini naye?" mama yake akamjibu, kwa sauti ya kufika uani. "Huyo ni wa akina Pyo. Wewe ni Ma. Hata hamfanani. Kaa chini!"

Pil-do akakaa. Gap-seok akaita kutoka uani:

"Mwalimu, samahani. Kitabuni huyo bwana hali supu. Anakula dagaa tu."

Kila mtu anajua kwamba dagaa hawapandi meza ya mababu. Ni samaki wa kila siku, wa kila mtu. Hata katika miaka ya njaa nyumba hii haikuwaweka. Shemeji alinitazama kwa hofu. Nilikwenda jikoni, nikarudi na kisahani cha dagaa, nikakiweka mbele ya Cheon-su. Pilipili sikutia, maana wafu hawapewi pilipili, na kuna mipaka. Nikamjazia pombe nusu kikombe.

"Nusu tu?" Pil-do akanong'ona.

"Asije akarudia," nikasema.

Hapo ndipo Gap-seok alipocheka, na wengine wakacheka naye. Tulichoma karatasi uani, majivu yakapaa juu ya paa. Kisha, kama ilivyo desturi, tukagawana chakula cha wafu. Pil-do alichukua kikombe cha Cheon-su akakimaliza. Gap-seok alimwangalia kooni mpaka tone la mwisho. Alipoona bado anapumua, akachukua dagaa mmoja, akamtafuna.

"Nahodha," alisema, "nyavu zako zimeingia panya. Nimeziona. Kesho tuzitoe nje."

Dagaa walikuja na majira ya kuchipua. Nilishuka bandarini nikamkuta shemeji amekaa juu ya pipa, mbali na maji, uso umemsawijika kwa kuzitazama tu mashua zinavyoyumba. Pale gatini wanaume walikuwa wamekamilisha safu yao, magamba yakiruka mpaka nyusoni. Pil-do alifika kwenye ubeti wake, akakosea. Safu nzima ikakosea pamoja naye kwa makusudi. Shemeji alifumba macho akasikiliza.

Kisahani cha dagaa nakiweka mezani kila Mwaka Mpya. Mwaka jana alikuja binamu wa mume wangu kutoka Daegu, mzee anayetunza kitabu cha nasaba, mtu mkali wa mambo ya damu. Alisoma karatasi moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho, akavaa miwani.

"Huyu Cheon-su simfahamu. Ni mtoto wa nani?"

Shemeji, mwanaume ambaye hajawahi kuoa, aliinamisha kichwa.

"Wa Sang-gyu," nikasema. "Karibu supu, itapoa."