Shosho na Mbuzi wa Mnada

Jumapili iliyopita, kanisani kwetu hapa Karagita, kabeji moja ilipigwa mnada mpaka ikakaribia bei ya mbuzi. Watu walicheka, pasta akacheka, na mimi nikatoka nje nikalia. Jirani yangu wa ploti akanifuata. "Wewe! Kabeji ndiyo inakuliza?" Nikamwambia aniache. Lakini wewe sitakuficha, keti nikueleze.

Nililelewa Elburgon na Shosho, nyanya yangu, na Babu. Elburgon ya utoto wangu ilinuka mbao mbichi. Mashine za kupasua magogo zilianza kulia kabla hatujanywa uji, na ukungu ukishuka, hata choo ulikuwa hukioni. Kazi yangu ilikuwa kuchota vumbi la mbao kwa gunia. Shosho alilishindilia kwenye debe kuzunguka chupa, akaichomoa chupa, akawasha, na maharagwe yakachemka hapo mchana kutwa. Jioni akifunga mlango alisema, "Mungu halali, tulale sisi." Na kweli tulilala.

Siku niliyoipenda kuliko Krismasi ilikuwa ibada ya mavuno. Asiye na pesa alileta alichonacho, viazi, maziwa, jogoo, na baada ya ibada vitu vilipigwa mnada pale nje. Ukinunua kitu, unakirudisha kinunuliwe tena. Niliona yai likinunuliwa na watu wanne mpaka likampasukia wa tano mkononi. Jirani yetu wa ng'ambo ya ua ndiye alikuwa na kelele zaidi. Alipandisha bei ya viazi vya Shosho kwa utani tu, na kesho yake akaja kula vingine kwetu.

Halafu ukaja uchaguzi. Jirani na sisi hatukuwa kabila moja, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria hata siku moja. Walikuja mchana, tukiwa tunakula. Vijana wengi, rungu, mishale, petroli kwenye mitungi ya maji. Nyumba yetu ya mbao ilishika moto kama karatasi. Tulishatoka salama, aki tulishatoka, lakini Babu akarudi kumfungua mbuzi wetu wa maziwa, yule mwenye pembe moja, asife kwa moto. Walimkuta langoni, kamba mkononi. Shosho alinifunika uso kwa sketi yake, lakini masikio hakuyafunika. Rungu likimpata mtu kichwani lina sauti yake. Bado ninayo.

Tulilala kwenye hema karibu na stesheni ya polisi. Ibada ya mavuno ilipofika, Shosho akafunga kitambaa kichwani, akasema anakwenda. Anko, kitinda mimba wake, akawaka.

"Mama, unarudi kwa waliomuua Baba?"

"Narudi kwa Mungu wangu. Na wao wakija, watanikuta hapo."

Anko alivaa kabuti refu, akatufuata. Tulifika ibada imekwisha, mnada umeshaanza. Hakuna aliyetutarajia. Walidhani tumehamia Nakuru, hatutarudi tena. Mzee wa kanisa alikuwa ameshika kamba akiita bei, na mwisho wa kamba alisimama mbuzi wa pembe moja. Sadaka ya jirani.

Kumbe dhamira ilimsumbua, akaona heri ampe Mungu kile alichotuibia. Upumbavu gani huo! Alipotuona, aliitazama ile kamba, hakututazama sisi. Na sisi tukajua, bila kuambiwa, kwamba siku ile pale langoni naye alikuwepo.

Anko alichomoa panga kutoka kwenye kabuti. Watu walikimbia, mabenchi yakaanguka, mama mmoja akaita jina la Yesu. Jirani hakukimbia. Alipiga magoti kwenye viazi vilivyomwagika, na Anko akaliinua panga. Na mimi, nakwambia kweli, nilitaka aliteremshe. Nilitamani kuona.

Shosho aliingia katikati, akalidaka lile panga kwa mkono wa kushoto. Lilipita kwenye kiganja mpaka mfupani. Alimtazama mwanawe, damu ikimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Damu ya Yesu ilishamwagika," akasema. "Inatosha. Yako na ya huyu haitakiwi."

Panga likaanguka. Jirani akaanza kulia. "Mama, mimi sikumpiga Mzee. Nilisimama tu."

"Najua ulisimama. Sasa simama tena, unifunge mkono."

Akavua shati lake, akamfunga. Kisha Shosho akamgeukia mzee wa kanisa, akamwambia aendelee na mnada, maana mbuzi ameshatolewa kwa Mungu na yeye hamdai tena.

Vidole viwili vya mkono ule havikunyooka tena. Anko alihamia Nakuru, na tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani. Kila mwezi Shosho alimpelekea viazi, akamwombea mlangoni, akarudi. Alikuwa amemsamehe kabla hata damu haijakauka. Anko ndiye aliyekataa kusamehewa.

Mwaka huu tulimzika Shosho. Mashine za mbao zimenyamaza, na nyumba za mabati zimeingia kila mahali, lakini hayo siyalilii. Anko alisimama nje ya ua mazishi yote, kofia mkononi. Jirani, mzee sasa, aliacha koleo lake, akatoka, akaenda kusimama kando yake. Walisimama hivyo mpaka udongo ukajaa. Mimi nilibaki kando ya kaburi na hasira yangu kwa wote wawili, nikingoja mtu wa kunikanya. Hakuwepo tena.