Kidole Kisichokunjamana Majini

Mama yangu alikuwa akiunga mifupa. Watu waliletwa kwake kutoka Kerege na kutoka vijiji vya nyuma ya Bagamoyo, wengine wamebebwa juu ya vitanda vya kamba, na kazi yake aliifanya amefumba macho. Mgeni alidhani anaomba dua. Dua alikuwa amekwisha kuisoma kabla ya kuketi. Macho aliyafumba kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, jicho huishia kwenye ngozi, kisha likajifanya limefika ndani.

Kilichofika ndani ni kidole gumba cha mkono wake wa kulia. Alijaribu kunifundisha kabla sijaolewa. Alivunja mfupa wa kuku, akaufunika kwa kitambaa, akanitaka nipitishe kidole juu yake na nimwambie nimekuta nini. Nilikuta kitambaa. Akanieleza kwamba ile nyama laini iliyo upande wa pili wa ukucha haina kazi moja. Ukigusa kwa wepesi, kama inzi anavyotua, itakuambia habari za mkwaruzo. Ukikandamiza, itakuambia uzito na kina. Ukikituliza kidole pasipo kukisogeza, itakuletea mtetemo, kwani ncha mbili za mfupa uliovunjika zikigusana husagika kama mchanga chini ya mkeka. Na kabla ya yote hayo itakuletea joto, maana palipovunjika huwa pa moto kuliko jirani yake. Habari hizo, alisema, hupita katika nyuzi mbili zinazopanda kandokando ya kidole, moja huku na moja huku, mpaka kiganjani, zikaendelea na safari yake mpaka kichwani. Alinibonyeza mahali nyuzi hizo zinapopita mpaka kidole kikaniwasha hadi nchani, ili nisije nikasema ni hadithi.

Andika hivyohivyo nilivyosema, mjukuu wangu. Usiyapambe.

Nyuzi hizo za mama zilikatika wakati wa kipupwe, mimi nikiwa nimekwisha kuolewa na kuzaa. Tulikwenda mikokoni kubandua chaza, na mama akateleza kwenye tope. Alipotaka kujishika kwenye mzizi, gamba la chaza lilimkata kiganjani mwa mkono wa kulia, pale pale kidole gumba kinapoanzia. Jeraha halikuwa refu. Tulilisafisha, tukalifunga, nalo likapona vizuri. Kidole kilikunjika na kunyooka kama zamani. Alikuna nazi, alitwanga, alisuka ukili. Kila aliyeutazama mkono ule aliona mkono mzima.

Mimi nilijua siku moja tulipokuwa tunafua. Tulikuwa tumeshinda kisimani tangu asubuhi, na vidole vyetu vyote vilikuwa vimekunjamana, kama ilivyo desturi ya vidole vilivyokaa majini. Nilipompokea kanga aliyoikamua, niliona kwamba kidole gumba chake hakikukunjamana. Kilikuwa laini, kinang'aa kama kimepakwa mafuta, katikati ya wenzake waliozeeka. Nilikitazama zaidi ya ilivyopasa.

"Umeona," alisema.

"Nimeona, mama."

"Basi umeona."

Akaendelea kufua. Jioni, tulipokuwa wawili jikoni, alikiegemeza kidole kile kwenye ukingo wa chungu kilichokuwa motoni, akakiacha hapo huku akinitazama mimi, mpaka nikamvuta mkono. Kisha akagonga juu ya kovu. Alisema akigonga hapo cheche huruka kuelekea nchani, lakini huko nchani hakuna chochote kinachorudi, ndiyo maana hata maji hayakikunji. Nilimwuliza itakuwaje akiletewa mtu. Alisema Mungu ndiye ajuaye, na mimi nisilizungumze jambo hilo mpaka alizungumze yeye. Katika miezi ile, kwa rehema Zake, hawakuletwa ila walioteguka tu, nao aliwakanda kwa mkono wa kushoto.

Mvua za vuli zilipoanza, binti yangu, yaani mama yako wewe unayeandika, alipanda mkorosho kufuata mabibo. Gome lilikuwa limelowa. Alianguka, akauangukia mkono, na waliomleta walikuwa wameushika mkono huo kana kwamba si wake. Kati ya kiwiko na kifundo palikuwa pamepinda. Watu wakakusanyika barazani kwa mama, nao walikuja kwa utulivu, kama waliofika mahali ambapo mambo yamekwisha kutengenea.

Mama aliutazama mkono, asiuguse. "Mpelekeni Bagamoyo," alisema.

Jirani yetu, bibi mmoja asiyeishiwa maneno, akacheka. "Shoga, Bagamoyo yetu si wewe?"

"Mpelekeni hospitali."

"Haya, mganga hajigangi," jirani akawaambia wengine. "Ya watu aliyaunga bila kusita. Limefika la mjukuu, huruma imemshika."

Wakacheka kwa upole, kwa kuwa walimpenda. Nilimwita mume wangu nyuma ya nyumba nikamweleza yote, ingawa sikuwa nimeruhusiwa. Alinisikiliza. Kisha akaniuliza mkono uliokufa unawezaje kukamua tui, maana asubuhi ile ile alimwona mama akikamua. Nilimwambia mkono unakamua, lakini haujui unakamua nini. Nilijisikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyokuwa hayana uzito. Hata hivyo alikuwa mtu mwema, akashika njia kwenda barabarani kutafuta gari.

Alirudi alasiri, amelowa mpaka kifuani. Maji yalikuwa yamefunika daraja na hakuna gari lililopita tangu jana yake. Kufikia hapo mkono ulikuwa umevimba, na mama alijua kuliko sote kwamba uvimbe ukizidi, hata kidole kizima hakingeweza kufika kwenye mfupa. Akaagiza fito za mianzi na vitambaa. Akawatoa watu wote, tukabaki mimi, mtoto na jirani wa kumshika mabega.

Alianza kwa kidole gumba cha kushoto. Akakitoa. Alisema hicho hakikufundishwa. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: aliinama, akauweka mdomo wake wa juu kwenye mkono wa mtoto, akaupitisha taratibu kufuata mfupa, amefumba macho, pumzi ameibana. Jirani akanitazama mimi, na kicheko chake kilikuwa kimekwisha.

"Ni hapa," mama alisema, mdomo bado uko juu ya ngozi.

Alipaona. Mdomo ulimwonyesha mahali, lakini mdomo hauwezi kusukuma mfupa. Ilimbidi ainuke, aweke kidole kile kile kisicho na habari, na asukume. Nilivuta kiganja cha mtoto kama alivyoniagiza. Mtoto alilia kwa sauti ambayo sina haja ya kuieleza. Mama alisukuma, akaacha, akasukuma tena.

"Weka kidole chako kando ya changu," aliniambia. "Mfupa umefika?"

Nikaweka. Chini ya kidole changu kulikuwa na kitu kinachodunda, nami sikuweza kutambua kama ni damu ya mwanangu au ni ya kidole changu mwenyewe. Nilitafuta mkwaruzo, nikatafuta ule mchanga chini ya mkeka. Nilikuta ngozi iliyovimba, ya moto kila mahali.

"Sijui, mama."

"Tafuta."

"Natafuta. Sijui."

Akasukuma mara moja zaidi, akainama tena na mdomo wake, lakini mtoto alikuwa anatetemeka mwili mzima na mdomo haukuweza kutenga tetemeko moja na jingine. Tukafunga fito. Barabara ilipofunguka, mume wangu alitaka kumpeleka Bagamoyo. Baba mkwe wangu akakataza, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba huko hukata mikono, na mfupa uliokwisha kufungwa haufunguliwi ovyo. Katika nyumba ile neno lake lilikuwa la mwisho, na langu halikuwa la kwanza wala la pili.

Siku ya kufungua fito, mama alikaa mkekani, akafumba macho kama alivyofumba maisha yake yote, akapitisha kidole gumba juu ya mkono. Mimi na jirani tuliona kabla hajamaliza. Mkono ulikuwa umeshika, lakini umeshika katika kupinda kwake.

"Umekaa?" aliuliza.

Jirani aliinamisha uso. Nilijibu kwamba haukukaa.

"Umepinda wapi?"

Nilikishika kidole chake, nikakiweka juu ya kigongo cha mfupa. Nikamwambia ni hapo. Alikituliza bila kukisogeza, kama alivyokuwa akingojea mtetemo zamani, kisha akakandamiza, kisha akazidi kukandamiza.

"Bibi," mtoto alisema, "unaniumiza."

Mama aliinua mkono kwa haraka. Alimwuliza kama alibonyeza sana. Mtoto akasema sana. Mama akafumbua macho, akaitazama alama nyekundu aliyoiacha kwenye ngozi ya mjukuu wake, akaitazama mpaka ilipofifia.